Kipande cha Vitelio Alichokiruka Mwalimu

“Hiyo mbwa iende ama mimi niende,” Cheruiyot alikuwa anasema, kifua wazi, kile kitambaa chake cha kufunika macho kimemning'inia shingoni kama tai. “Na mimi siendi mahali, Mama Atupele. Leo naita kaunsili ya mji ikuje imchukue.”

“Ita,” nikamwambia. “Ita, halafu uje unisimulie usingizi ulioupata.”

Tulikuwa kila mtu upande wake wa uzio. Jua la Januari hapa Quakers Hill, Sydney, halisubiri mtu anywe chai, lilikuwa limeshatuchoma utosi. Cheruiyot ni nesi, anafanya kazi usiku, na mchana ndio usiku wake. Siwezi kusema hakuwa na haki. Mbwa wa Mwalimu Masumbuko, ng'ambo ya barabara, alikuwa anabweka tangu alfajiri: anambwekea mleta barua, anawabwekea kunguru, akikosa wote anaubwekea upepo. Alikuwa amefungwa kamba fupi palepale kizingitini, mbele ya mlango, kiasi kwamba hata ukitaka kubonyeza kengele huifikii.

“Si Mwalimu ni Kaisari?” Cheruiyot akasema. “Wacha atetewe na askari wake.”

Akacheka peke yake. Mimi hapo ndipo nilipokasirika kweli, maana jina hilo alikuwa amelitoa kwenye kinywa cha mzee mwenyewe, na wakati ule likiwa la kufurahisha watu.

Ngoja niseme lilivyoanza.

Mwalimu Masumbuko alifundisha historia Kasulu miaka mingi. Huku Australia akaishia kuendesha basi, lakini ualimu haukumtoka, na sisi tukamchagua mwenyekiti wa jumuiya kwa sababu ya sauti ile ya darasani. Hakuna sherehe yetu iliyokamilika kabla hajashika kipaza sauti akatusimulia Kaisari Vitelio. Huyo alikuwa mfalme wa Roma ambaye Warumi wenyewe hawakumtaka. Alikaa kwenye kiti miezi, hakufikisha mwaka. Mwalimu alikuwa anaanza na tumbo lake. Kaisari alikula mara nne kwa siku, tena kwa kujialika: asubuhi kwa huyu, mchana kwa yule, usiku kwa mwingine, na wenyeji wote wanatetemeka wasije wakaonekana wachoyo. Halafu lile sinia lake, kubwa mpaka akalipa jina la ngao ya mungu wa kike, limejaa maini ya samaki, ubongo wa tausi na ndimi za heroe. Mwalimu anapanua mikono hadi inagonga watu. “Ndimi, jamani. Ndege mzima katupwa, ulimi umeliwa.” Ukumbi hoi. Halafu anamalizia, “Na huyo ndiye mfalme aliyeula ufalme wake,” anakaa, sahani zinaanza kupita.

Siku moja binti yangu Atupele, ambaye Kiswahili anakisikia ila hujibu kwa Kiingereza, alimuuliza huyo mfalme alikufaje. Mwalimu akamshika kichwa. “Hapa tumekuja kula, mwanangu. Hatukuja kuzika.”

Nimeyakumbuka sana maneno hayo.

Desemba iliyopita tulifanya sherehe ya uhuru, Watanzania na Wakenya kwa pamoja, na Wakongomani wakaja kwa sababu ya muziki. Ukumbi ulifurika. Kulikuwa na mheshimiwa wa mtaa, kulikuwa na watu wa magazeti, na Mwalimu alikuwa amevaa suti nyeupe kama bwana harusi. Jikoni alikuwa Elizabeti. Huyu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwao ni Songea, na sufuria ya pilau akiigusa yeye unaijua kwa harufu ukiwa bado stesheni. Kazi zetu zilikuwa hivyo siku zote: yeye anapika, mimi naoka mikate na kuchoma maandazi. Tumetokwa jasho pamoja miaka mingi.

Sasa, sisi tuna desturi yetu, na asiyeijua ataona ni ajabu. Mtu aliye ugenini hapigiwi simu ya msiba moja kwa moja. Atakuwa peke yake ndani ya treni, au yuko kazini amemshika mgonjwa wa watu, aanguke pale nani amwokote? Kwa hiyo ndugu wa nyumbani humtafuta mtu mzima, mara nyingi mwenyekiti. Mwenyekiti anakusanya kina mama wawili watatu, wanakwenda, wanakaa naye, wanashika mikono yake, ndipo anaambiwa. Tumefanya hivyo kwa watu wengi. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetufundisha kuifanya vizuri.

Mchana ule wa sherehe, Dunstan, kaka yake Elizabeti, alimpigia Mwalimu kutoka Songea. Mama yao alikuwa amezidiwa. Hakuwa amekufa. Alikuwa na akili zake zote, na alikuwa anaomba kitu kimoja, asikie sauti ya Eliza wake. Dunstan akasema, mwenyekiti, mtafutie watu wa kukaa naye, kisha umpe simu.

Mwalimu akaitia simu mfukoni.

Alifikiri, kama alivyokuja kusema baadaye, kwamba akimwambia mpishi basi sufuria zinaachwa, kina mama wote wanamfuata, vilio vinaanza, na mheshimiwa bado hajapakuliwa. Akasema moyoni, wale kwanza. Dunstan akapiga tena, anauliza mbona kimya. Na hapo Mwalimu akatoa lile neno lililotuharibia nyumba zote. Alisema, “Nimeshamwambia. Anajiandaa.”

Elizabeti alitoka jikoni na sinia kichwani, watu wakaanza kumshangilia, akacheza nalo katikati ya ukumbi. Aketch, mke wa Cheruiyot, akachukua video, akaitupa kwenye kundi letu la WhatsApp, na mambo ya simu mnayajua, ikafika Songea kabla pilau haijapoa. Ikafika kwenye chumba cha mgonjwa.

Sahani zilipokwisha kukusanywa ndipo Mwalimu akatuita kina mama nyuma ya ukumbi. Elizabeti akapiga simu, vidole bado vina mafuta. Ikapokelewa na mtu anayelia.

Alisafiri, akawahi kuzika. Lakini kaburini Dunstan hakumpa mkono. Alimwambia mbele ya shangazi zake na mapadri, “Tulikupa taarifa mapema, ukachagua ngoma.” Elizabeti akaapa kwamba hakuambiwa. Dunstan akamtolea maneno ya mwenyekiti, neno kwa neno, akamwonyesha na video. Nani angemwamini? Alirudi Sydney akiwa amepoteza mama, na kaka aliyebaki hapokei simu yake.

Sisi tulipoyasikia hayo, tulimwacha Mwalimu Masumbuko ndani ya siku moja. Hakuna aliyeitisha mkutano. Kundi likamtoa, uenyekiti ukamtoka, waliokuwa wanajaza sebule yake kila Jumapili wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Mke wake alishatangulia mbele ya haki zamani. Akabaki na mbwa.

Na siku hiyo niliyogombana na Cheruiyot ilikuwa siku ya arobaini ya mama yake Elizabeti. Jioni tulikuwa tukutane kwake kwa sala na chakula, na Songea nao wako uani kwao, tuonane kwenye simu. Elizabeti alikuwa ameniambia asubuhi, huku anaosha mchele, sauti ya mtu aliyechoka kulia, “Mama Atupele, Dunstan atawasalimia wote. Utaona. Mimi atanipita kama kiti.”

Nikamwacha Cheruiyot na kaunsili yake. Nikaingia ndani, nikafunga maandazi kwenye kanga, nikavuka barabara.

Mbwa alinipokea kwa meno. Nikamrushia andazi, akanyamaza. Nikamrushia la pili, akalala chini akaweka kidevu kwenye kiatu changu. Kumbe mlinzi mwenyewe alikuwa na njaa ya watu kama bwana wake.

Mlango haukufunguka. Lilifunguka dirisha, kidogo, na uso wa Mwalimu ukatokea. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Shati ndilo lililokuwa linamvaa yeye.

“Leo ni arobaini,” nikamwambia.

“Najua.”

Nikamweleza habari za Dunstan, kwamba mpaka leo hajaongea na dada yake, na kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kulifungua fundo hilo isipokuwa yeye aliyelifunga, maana sisi wengine Dunstan anatuona tunamtetea mwenzetu tu. Alisikiliza akitazama mikono yake. Nilipomaliza akaanza mbali, kama kawaida yake.

“Mama Atupele, kuna kipande cha Vitelio sijawahi kuwasimulia.”

“Mwalimu, sikuja kwa Vitelio.”

“Kisikilize tu.” Na akasimulia, ila si kwa sauti ile ya ukumbini. Alisema majeshi ya Kaisari yalipigwa vibaya huko kaskazini, na habari ilipofika, Kaisari alikataza isisemwe. Ikulu nzima ikawa inakula na kuzungumza mambo mengine. Akida mmoja wa jeshi akajitolea kwenda kuona kwa macho yake, akarudi akamwambia bwana, tumekwisha. Kaisari akamwambia wewe umehongwa. Yule akida akasema kama ushahidi wangu hautoshi nitakupa mwingine, akatoka nje akajiua. Na meza ikaendelea kutandikwa.

“Miaka yote nimewachekesha na tumbo lake,” Mwalimu akasema. “Tumbo halikuwa kosa lake kubwa. Watu wengi ni walafi na hawadhuru mtu. Kosa lake lilikuwa hili: aliletewa habari, akasema ngoja kwanza nimalize kula.” Akajifuta uso kwa kiganja. “Nimeisoma hiyo chuoni. Nimeiweka kichwani maisha yangu yote. Halafu nikaifanya.”

Mbwa akapiga miayo. Nikamuuliza, kwa kuwa nilikuwa sijui nimuulize nini kingine, huyo mfalme aliishaje.

“Alirudi ikulu akakuta hakuna mtu. Anafungua mlango huu, kimya. Anafungua ule, kimya. Akaenda kujificha kwenye chumba cha bawabu. Akamfunga mbwa mlangoni.”

Sote wawili tukamtazama mbwa.

“Sikumfunga kwa kuiga,” akasema upesi. “Nilimfunga kwa kumwogopa Elizabeti. Aliporudi kutoka kuzika alikuja hapa, Mama Atupele. Aligonga. Nilikuwa nimesimama nyuma ya huo mlango, karibu kama ulivyo wewe sasa. Nilisikia anavyopumua. Sikufungua. Kesho yake nikamleta mbwa mbele. Ile hadithi niliikumbuka baadaye kabisa.”

“Na wote walimkimbia, huyo Vitelio?”

“Wote. Siku ile ya mwisho alipotoka ikulu, waliokuwa bado pamoja naye walikuwa wawili tu. Mpishi, na mwoka mikate.”

Aliutazama mzigo wangu wa maandazi, akaondoa macho.

Nikamwambia, “Mwalimu, sikuja kumbembeleza kaisari. Nimekuja kukuchukua. Jioni Dunstan atakuwa kwenye simu, ukamwambie wewe mwenyewe.”

“Watanipiga.”

“Hawatakupiga. Watakutazama. Hilo ndilo utakalolikuta.”

Akafunga dirisha. Nikajua nimeshindwa. Niliyaacha maandazi juu ya kisanduku cha barua, nikavuka barabara kwenda kumsaidia Elizabeti kukata vitunguu. Kuhusu nilikotoka sikumwambia kitu, na mnaonijua mnajua hilo lilinigharimu nini.

Jioni nyumba ya Elizabeti ilijaa hadi varanda. Viatu mlangoni, vya watoto juu ya vya wakubwa. Picha ya mama iliwekwa juu ya kabati la televisheni, kitenge kipya chini yake, mshumaa pembeni. Tulisali rozari. Kisha simu ikasimamishwa kwenye kiti, na Songea ikaingia sebuleni: ua, viti vya plastiki, kuku wanapita, kina shangazi wamejifunga kanga za aina moja. Kule ilikuwa asubuhi. Dunstan alikaa mbele, mwanamume mkubwa mwenye sauti ya upole. Alitusalimia kila mmoja, akamuuliza hata Cheruiyot habari za kazi. Elizabeti alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi, mbele ya macho yake kabisa. Dunstan alipofika kwake akamruka, akamsalimia aliyefuata.

Elizabeti alirudi ndani akakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Ndipo nikasikia kucha za mbwa kwenye saruji.

Mwalimu Masumbuko alisimama nje ya mlango na ile suti nyeupe, sasa inaning'inia, kamba ya mbwa ameizungusha mkononi. Maongezi yakakatika kuanzia varanda hadi ndani, kama umeme unavyokatika mtaa baada ya mtaa. Cheruiyot akanyanyuka. Sijui alitaka kufanya nini, na nadhani yeye pia hakujua.

“Mwacheni,” Elizabeti akasema kutoka jikoni.

Mwalimu hakuvuka kizingiti. Aliomba simu. Nikaitoa kwenye kiti nikamshikia mbele ya uso.

“Dunstan,” akasema. “Mimi ni Masumbuko. Siku ile ulipopiga mara ya kwanza, dada yako sikumwambia. Ulipopiga tena nikakujibu nimeshamwambia, anajiandaa. Nilikudanganya. Yeye alikuwa jikoni anapakua, hajui lolote. Alicheza hajui lolote. Aliyechagua ngoma ni mimi.”

Kule Songea jogoo akawika, mtu akamfukuza.

“Mama alikuwa ananiuliza,” Dunstan akasema. “Kila akifumbua macho. ‘Anapiga?’ Namwambia anapiga, mama, anajiandaa. Kwa sababu wewe uliniambia hivyo. Amekufa ameishika simu yangu, mwenyekiti. Tulimtoa kwenye vidole.”

Mwalimu aliinamisha kichwa na hakukiinua.

“Nipe dada yangu,” Dunstan akasema.

Elizabeti alikuja akaipokea kwangu. Mkono ulikuwa na unga wa viungo, ukaacha alama ya njano kwenye kioo, juu ya uso wa kaka yake, akajaribu kuifuta kwa kanga, ikaenea zaidi.

“Eliza.”

“Abee, kaka.”

Yule mwanamume mkubwa alifunika uso kwa kofia mbele ya kina shangazi wote, na Elizabeti akateleza kwenye ukuta hadi chini, simu ameikumbatia kifuani, kiasi kwamba Songea walibaki wanaona giza na kusikia moyo wake tu. Tulilia. Sebule nzima tulilia upya, kama ndiyo kwanza siku ya kwanza, na Aketch alilia kuliko wote. Lakini nitasema ukweli, kilio kile hakikurudisha kitu. Mama bado alikuwa amekufa ameishika simu.

Nilipofuta macho nikamwona Mwalimu amegeuka, anamvuta mbwa taratibu kuelekea getini. Hakuna aliyemzuia.

“Mwalimu.”

Alikuwa Elizabeti, amenyanyuka. Alikwenda hadi mlangoni. Mwalimu akasimama, hakugeuka mzima, alitoa bega tu.

“Mama hakurudi kwa maneno yako,” Elizabeti akasema.

“Najua, mama.”

“Na sijakusamehe. Sitaki nikudanganye mbele za watu. Sijui kama nitaweza.”

“Sikuja kuomba hilo.”

“Nilikugongea siku ile.”

“Nilikuwepo,” akasema. “Nilikuwa mlangoni.”

Elizabeti aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyekuwa analijua jibu na bado alihitaji kulisikia. Alimtazama kuanzia viatu hadi kola, mkanda uliovutwa hadi tundu la mwisho, mbwa aliyekonda naye. Ndani wali ulikuwa umeiva, mbuzi ameiva, na hakuna mtu aliyekuwa amegusa sahani. Kwao, alishawahi kuniambia tukiwa tunamenya vitunguu saumu, chakula cha arobaini hakipakuliwi mtu akiwa amesimama nje.

Cheruiyot akapita katikati yetu, akateremka ngazi, akanyoosha mkono. “Lete hiyo mbwa, Mwalimu,” akasema, hamtazami usoni. “Nitaifungia kwangu huko nyuma. Kuna kivuli.”

Mwalimu akamwachia kamba. Akabaki amesimama mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Elizabeti akasogea pembeni mwa mlango, mwiko bado anao.

“Vua viatu,” akamwambia. “Ingia ule.”